Vidonge vya Taniboi

Benchi letu liko pale barabara ya lami inapokutana na ile ya udongo wa murram inayoshuka kwenye kituo cha kupimia majani chai, nje kidogo ya Mogogosiek. Ni ubao wa mkaratusi juu ya mawe mawili, umelainishwa zaidi na makalio ya watu kuliko randa ya fundi yeyote. Nyuma yake kuna hoteli ya Eddah, jiko moja na mabati ya kutosha, na ukutani mwa hoteli kuna kinyozi, ambaye ni mimi. Watu wakishapimiwa majani hupita hapa na vikapu vitupu, wanywe chai ya maziwa, wasahihishe serikali kidogo, kisha waende nyumbani. Wasioenda nyumbani ni watatu. Kipkirui tunamwita Diwani, kwa sababu aligombea udiwani zamani, akashindwa, lakini sauti ya kampeni haikumtoka. Sagini tunamwita Boila. Alitoka Kisii akiwa kijana, akawasha boila ya kiwanda cha chai mpaka alipostaafu. Wa tatu ni Kimutai, ambaye jina lake ni Lori, maana aliendesha lori la majani karibu maisha yake yote. Kando yake kwenye kiti cha mbele aliketi mbwa wa kahawia, na kwa kuwa hapo ndipo anapoketi taniboi, yaani msaidizi wa dereva, mbwa huyo aliitwa Taniboi. Hakuwahi kubeba hata gunia moja.

Asubuhi ninayoisimulia, Lori alikuja akisukuma wilibaro, na ndani ya wilibaro, juu ya blanketi kuukuu, alikuwa amelala Taniboi. Hilo halikutushangaza. Mbwa alikuwa amezeeka. Miguu ya nyuma ilikuwa imemwishia nguvu. Akiinuka alitetemeka, akitaka kukaa alijiangusha tu kama mzigo. Akiachwa nyumbani peke yake alilia mpaka majirani wakapiga simu. Kwa hivyo kila siku Lori alimpakia, akampandisha kilima. Jambo geni siku hiyo lilikuwa mkono wa Lori, uliofungwa kitambaa.

— Umefanya nini na mkono? Boila akamuuliza.

— Panga, Lori akasema.

Akatoa bahasha ndogo ya kaki kwenye koti, akaiweka kwenye benchi katikati yetu, akaketi mbali nayo kidogo.

— Na hiyo? Diwani akauliza.

— Dawa ya Taniboi. Ya uchungu. Nelvine alinipatia, yule daktari wa mifugo.

— Sasa si umpe.

— Nilimuuliza kama iko na shida. Akaniambia yote. Sasa naogopa.

Akatueleza. Nelvine alimwambia kuwa ile sehemu laini inayokaa kati ya mifupa imelika, mifupa inasagana yenyewe kwa yenyewe. Hakuna dawa ya kuirudisha. Hii ya bahasha inatuliza uvimbe na uchungu, basi. Lakini kuna mbwa inawachubua tumbo mpaka litoe damu, na mbwa mwenye figo ama ini dhaifu inaweza kumchosha zaidi. Nelvine alikuwa ameshamtoa Taniboi damu, ikapelekwa maabara Kericho. Majibu yalisema figo zake zinafanya kazi, ila ni figo za mzee.

— Mtu akikwambia ukweli wote, Lori akasema, unabaki hujui ufanye nini. Angenificha kidogo, ningekuwa nimempa jana. Sasa niambieni nyinyi. Nimpe ama nisimpe?

Hakuna kitu benchi letu linapenda kama kuulizwa.

— Usimpe, Diwani akasema, akasimama, maana hawezi kutoa msimamo akiwa ameketi. Uchungu ni askari. Mungu aliuweka kwa goti ndio huyu mzee asikimbie. Mtoe askari, utaona. Ataamka akidhani yeye ni kijana, afukuze ng'ombe za watu mpaka Bomet, miguu imwishie huko njiani. Utamrudisha na nini?

— Hii si maneno ya uchungu, Boila akasema. Hii ni maneno ya grisi. Mimi nimekaa na mashini. Chuma ikilia, unatia grisi, inanyamaza. Chemsha miguu ya ng'ombe mpaka ile supu isimamishe kijiko. Mpe hiyo.

— Grisi ya tumbo itafikaje kwa goti?

— Kwani chakula yako inafikaje kwa kichwa? Ingawa yako sijui kama inafika.

Mimi nilikuwa nanyoa mtu, lakini nikatoa kichwa nje nikasema ni umande. Mbwa amelala miaka yote kwenye umande wa majani chai. Sote hapa magoti yetu ni ya umande. Boila akasema hapana, ni chakula, kwa sababu mbwa wa Londiani hula viazi na hakuna anayechechemea. Diwani akasema yeye mwenyewe amewahi kuona mbwa kiguru pale Londiani, stendi.

— Huyo alikuwa mgeni, Boila akasema.

— Basi mimi nitawaambia ukweli, Diwani akaendelea. Mmewahi kumwangalia akilala? Miguu inacheza. Anakimbia kwa ndoto usiku kucha, asubuhi amechoka. Dawa anahitaji ni ya kuzuia ndoto.

— Na anaota nini? Boila akauliza.

— Lori. Anaota lori imeng'oa nanga na imemwacha.

Alisema hivyo kwa mzaha. Lori akainama akamrekebishia mbwa wake blanketi.

Eddah alikuwa amesimama mlangoni, anatusikiliza huku anapangusa mikono kwa leso. Eddah ana goti lake mwenyewe linalomsumbua msimu wa mvua. Akaingia ndani, akatoka na mandazi.

— Nyinyi mnapiga siasa na mnyama anaumia, akasema. Mimi nikimeza dawa yangu ya goti napanda hii kilima bila fimbo. Hata simpi nzima. Nimemwekea kipande tu.

Akainama kwenye wilibaro. Taniboi, ambaye masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote, alikuwa ameshafungua mdomo.

— Mama, hiyo ni nini?

Alikuwa Nelvine. Pikipiki yake ilikuwa bado inanguruma. Alikuwa njiani kwenda kumwangalia ng'ombe wa mtu, akasimama kwa ajili ya chai, na bado alikuwa na helmeti kichwani.

— Mandazi, Eddah akasema.

— Na ndani ya mandazi?

Eddah hajui kudanganya. Alimwonyesha. Nelvine akalipokea lile andazi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayepewa zawadi, akalitia mfukoni.

— Hii inakusaidia wewe, mama. Yeye inaweza kumtoboa tumbo, ama figo zife. Hata hicho kipande. Na mzee angempa hizi zangu juu yake, hapo ndio tungempoteza kabisa.

Eddah akaketi kwenye benchi. Sijawahi kumwona akiketi saa za kazi.

— Nilikuwa namsaidia, akasema.

— Najua, mama.

— Huwa namwona akijaribu kuinuka, naskia goti yangu.

— Najua. Kutoka leo, dawa ya mtu ikae kwa mtu.

Kisha Nelvine akavua helmeti, akapiga magoti kando ya wilibaro, akapitisha mikono ubavuni mwa Taniboi. Akasita. Akapitisha tena.

— Siwezi kupata mbavu, akasema. Huyu anakula nini?

— Ugali na maziwa kidogo, Lori akasema. Asubuhi na jioni. Ile ulisema.

— Na akiwa hapa?

Boila aliangalia kikombe chake. Diwani aliangalia mawingu. Mimi nikarudi ndani kwa mteja wangu, ingawa nilikuwa nimeshammaliza.

— Mimi humpa tu kamguu ka mandazi, Boila akasema hatimaye.

— Mandazi haina mguu, Nelvine akasema.

Basi tukasema, mmoja mmoja. Diwani alikuwa anampa nusu ya kila andazi, kwa sababu ya vile mbwa humwangalia. Eddah alikuwa anammalizia chapati zilizolala. Mimi nilikuwa namtilia maziwa ya chai kwenye kifuniko cha mafuta ya nywele. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Lori alitutazama sote.

— Mimi namsukuma kilima mpaka mgongo unalia, akasema, kumbe ni nyinyi mnapakia.

Nelvine alicheka, nasi tukapata nafuu. Akatuambia kila uzito tunaomwongezea ni ile miguu ya nyuma inayoubeba.

— Kwa hivyo akikonda, hii dawa haina haja? Lori akauliza, na sauti yake ilikuwa na matumaini mengi.

— Kukonda kutamsaidia sana, mzee. Lakini kukonda ni miezi, na uchungu ni leo. Nelvine akasimama, akautazama mkono wa Lori. Na hiyo ilikuwa nini?

— Panga.

— Panga haina meno, mzee.

Lori akafungua kitambaa polepole. Kulikuwa na mashimo manne ya bluu chini ya kidole gumba. Akasema akiwa anayatazama hayo mashimo, hakututazama sisi.

— Ilikuwa asubuhi, nikimwinua nimweke kwa wilibaro. Nikamshika vibaya hapa nyuma. Akaniuma. Huyu hajawahi kuuma hata mwizi. Akishika, akaona ni mimi, akaachilia, akajikokota mpaka chini ya meza. Alikataa kutoka. Nikaingia huko chini nikamwekea huu mkono mbele ya mdomo. Akaulamba. Mimi na yeye tulikaa tu hapo chini ya meza.

Diwani alikohoa. Wajukuu wake hupita pale kwenye benchi wakienda shule, na huwa wanasimama kumshika Taniboi masikio.

— Lori, akasema, bila ile sauti ya kampeni. Mbwa ikianza kuuma.

— Najua.

— Watoto wanapita hapa.

— Najua, Kipkirui. Ndio maana nilisema panga.

Nelvine akamwambia chanjo ya kichaa cha mbwa alimdunga Taniboi yeye mwenyewe na haijaisha muda, lakini mkono uoshwe hapo hapo kwa sabuni na maji mengi, na siku hiyo hiyo aende hospitali auonyeshe. Eddah akaenda kuleta maji. Lori akaoshwa kama mtoto, huku Nelvine anaendelea kuongea.

— Hajakuwa mbwa mkali. Ameumia tu. Mzee, ulikuja kwangu ukaniuliza hatari ya kumpa dawa, nikakwambia. Hukuniuliza hatari ya kutompa. Hii ya mkono ni moja. Ingine ni kwamba akilala tu, nyama ya miguu inaisha, kesho atashindwa zaidi ya leo. Hakuna upande hauna hatari. Tofauti ni kwamba hii ya dawa tunaweza kuiangalia.

— Tunaiangalia aje?

— Akitapika. Akikataa chakula. Akinywa maji kupita vile amezoea. Macho ama ufizi ukiwa manjano. Choo kikiwa cheusi kama lami. Ukiona moja tu, unaacha dawa siku hiyo na unanipigia. Na tutapima damu tena mwezi ujao. Lakini siwezi kukuamulia. Wewe ndiye unamjua.

Lori alikausha mkono. Alichukua muda mrefu kukausha mkono mmoja.

— Eddah, akasema. Uko na ugali ya jana? Bila mafuta.

Ugali ukaletwa. Akautengenezea shimo kwa kidole, akaweka kidonge, akaufunga. Taniboi akaumeza bila kuuliza. Tukakaa kumtazama, sote, hata mteja wangu mwenye taulo shingoni, kama watu wanaongoja kura zitangazwe. Diwani alikuwa wa kwanza kuangalia saa.

— Haifanyi, akasema.

— Mzee, ni kidonge, Nelvine akamwambia. Si swichi ya stima.

Tangu siku ile benchi likawa na kazi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mandazi yalipigwa marufuku, na Eddah akaanza kuyafunika kwa sufuria, na juu yake jiwe. Boila alipewa maji: alileta mkebe, akachora mstari kwa msumari, na kila asubuhi alichuchumaa kuangalia maji yameshuka kiasi gani, kwa umakini aliokuwa akiangalia nao presha ya boila. Mimi nikaambiwa kucha za mbwa zimekuwa ndefu, zinamfanya ateleze, na kinyozi ni kinyozi. Nikamkata huku nampigia hadithi. Kazi ya choo aliiomba Diwani mwenyewe. Alikuwa anamfuata Taniboi nyuma ya hoteli na fimbo, anainama, anarudi, anasimama mbele yetu.

— Ni ya kahawia, anasema. Imeshikana. Hakuna lami.

Sikuwa nimemwona akijivunia jambo hivyo tangu kampeni.

Mabadiliko yenyewe hatukuyaona. Wilibaro liliendelea kuja. Diwani akaanza tena ile hadithi ya askari, na Boila akaniuliza kichinichini kama nadhani supu ya miguu ya ng'ombe inaruhusiwa. Kisha asubuhi moja ya mvua Taniboi akatapika kando ya benchi, akatapika tena. Lori alikuwa na simu sikioni kabla mbwa hajamaliza.

Nelvine alikuja na makoti mawili juu yake. Akauliza, akaangalia ufizi, akamminya tumbo taratibu. Mwisho ikajulikana kwamba Lori aliamka kwa haraka kuwahi mazishi ya jirani, akampa kidonge kabla ya chakula.

— Ni mimi, Lori akasema. Ni mimi nimemfanyia hivi.

— Ulisahau, na ukanipigia mara moja. Ndio kazi nilikupatia. Sasa tunaacha mpaka tumbo litulie.

Dawa ikaachwa. Hapo ndipo tulipoona. Alianza tena kutetemeka akiinuka. Alianza tena kujiangusha. Wajukuu wa Diwani walipita, mmoja akanyoosha mkono, na Taniboi akanguruma, chini chini, kisha akageuza uso ukutani kama anayeona haya. Diwani akawavuta watoto nyuma. Ndipo akasema kitu ambacho sikutarajia kutoka kwake.

— Hiyo kunguruma hatukuwa nayo juzi. Uchungu ulikuwa umepungua. Ni vile hatukuona ukipungua.

Alikuwa sahihi. Nafuu ilikuwa imekuja polepole mno, hakuna aliyeisikia ikiingia; tuliijua ilipotoka. Lori mwenyewe alimpigia Nelvine, akamwambia tumbo limetulia, tuanze tena. Nelvine akapunguza kipimo, akaongeza dawa nyingine ya kulinda tumbo, na chakula kikawa kinaliwa kwanza mbele ya mashahidi.

Halafu kukawa na asubuhi ambayo wilibaro lilikuja na blanketi peke yake. Lori alikuwa analisukuma tupu, anasimama, anageuka nyuma, anangoja. Taniboi alikuwa anapanda kilima kwa mwendo wake, anasimama kwa kila nguzo ya stima, anainusa yote. Boila aliinuka kwenye benchi akavua kofia. Wiki iliyofuata Lori aliacha wilibaro nyumbani.

Damu ilipimwa tena. Nelvine alileta majibu siku ya jua, wachumaji wakiwa shambani chini ya barabara, vikapu mgongoni. Hakukubali chai kwanza. Akaketi karibu na Lori.

— Figo zimeshuka kidogo, mzee. Si sana. Lakini zimeshuka.

Lori aliitikia kwa kichwa.

— Tuko na njia mbili. Tukiendelea, atatembea hivi anatembea, na figo zinaweza kumaliza mapema. Tukiacha, zinaweza kukaa zaidi. Lakini umeona vile anakaa bila dawa.

— Nimeona.

— Kuna mbwa wanaenda na figo kama hizi muda mrefu. Kuna wengine hawaendi. Siwezi kukuahidi yeye ni yupi.

Niliwatazama wenzangu. Boila hakuleta grisi. Diwani hakusimama. Eddah alikuwa mlangoni, sufuria mkononi, anangoja kama sisi.

— Wacha nimwangalie kwanza kabla uamue, Nelvine akasema, akafungua mkoba wake. Yuko wapi?

Tukainama kuangalia chini ya benchi, alipokuwa amelala tulipoagiza chai. Hakuwepo. Eddah akaenda nyuma ya hoteli, akarudi akitikisa kichwa. Mimi nikaangalia chini ya kiti cha kunyolea. Boila alitazama barabara ya lami juu na chini. Kwa mwaka mzima yule mbwa hakuwahi kwenda mahali bila mmoja wetu kumwona.

Kisha tukasikia wachumaji wanacheka huko chini. Lori akaenda mpaka ukingo wa barabara, sisi nyuma yake. Katikati ya mistari ya majani chai, ndani kabisa, kulikuwa na mkia wa kahawia unaoteremka. Ulikuwa unasimama, unanusa, unageuka, unaendelea. Mwanamke mmoja alikuwa amesimamisha kazi anamwonyesha mwenzake.

— Mwite basi, Nelvine akasema.

Lori alitia vidole viwili mdomoni apige mluzi. Akavitoa.

— Wacha amalize.

— Amalize nini?

— Sijui. Hiyo kitu ameenda kufanya.

Tulisimama pale. Mkia ulifika kwenye mtaro, ukatafuta mahali pa kuvukia, ukapapata, ukavuka. Lori aliutazama mpaka ulipopotea upande wa pili.

— Tuendelee na dawa, daktari, akasema.

Nelvine akafunga mkoba wake, akarudi kwenye benchi, akaketi kumngoja mgonjwa.